Unga Katika Supu ya Sulo

Sulo hapendi vidonge. Katika miaka hamsini na miwili ya ndoa yetu nimemwona akimeza aspirini mara mbili tu, na ile ya pili aliitema alipodhani simtazami. Basi mwezi wa Juni daktari alipoona uvimbe mdogo kwenye nyuzi zake za sauti, nilijua mionzi ataikubali, kwa kuwa mionzi haimezwi. Lakini msaada mwingine wowote ungebidi upitie mlango wa nyuma.

Ilikuwa saratani. Daktari alilisema neno hilo taratibu, akasubiri tulisikie, halafu akatuambia kwamba imegunduliwa mapema. Mionzi kwa wiki saba, siku tano kila wiki. Ikienda vizuri, Sulo ataishi na sauti yake itabaki. Isipokwenda vizuri, itabidi apasuliwe, na sauti ndiyo itakayoondoka kwanza.

Sulo alikuwa mnadi. Huku kwetu Kainuu, kaskazini penye misitu na maziwa, mtu akifariki, au akihamia nyumba ya wazee, watoto wake hukusanya vitu vyote uani Jumamosi moja ya kiangazi: vitanda, masufuria, miundu, skii za zamani za kutelezea thelujini, mapazia. Kisha humwita Sulo. Husimama juu ya gari la farasi lisilo na farasi na kunadi mpaka jioni, na watu wa ng'ambo ya ziwa walikuwa wakisema wanajua bei ya kabati imefikia wapi bila kutoka jikoni kwao. Mimi nilichokipenda ni kingine. Akifika kwenye nguo za marehemu, na mjane yuko dirishani, Sulo alishusha sauti na kuziuza upesi, na alijua kumpa nani ili zisije zikavaliwa kwa mzaha. Hakuna aliyemfundisha hilo.

Siku ya kwanza hospitalini, katika mji wa Oulu, muuguzi aliyeitwa Anniina alituuliza maswali mengi kwa upole. Mojawapo lilikuwa hili: "Mzee Sulo, unatumia dawa gani nyingine? Vitamini? Vidonge vya kuongeza afya vinavyouzwa madukani?"

"Binti, mimi hata kahawa ya pili naifikiria," Sulo akasema.

Siku hiyo ulikuwa ukweli mtupu.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda kwenye duka la vitu vya asili katika mji mdogo ulio karibu nasi. Mwenye duka alikuwa mwanamke mchangamfu wa umri wa binti yangu. Nilimwambia mume wangu anaumwa, sikumwambia zaidi. Akanivutia kiti. Akanieleza kwamba seli za mwili hushika kutu kama chuma kinavyoshika kutu kwa hewa, na kwamba ndiyo maana tunazeeka, na kwamba kuna vitu viitwavyo antioksidanti vinavyozuia kutu hiyo. Vimo kwenye beri, karoti, kabichi, karanga, lakini kwenye vidonge vyake vimo kwa wingi, maana mgonjwa anahitaji vingi. Aliongea kama mtu anayeamini, na naamini alikuwa anaamini. Nilitoka na chupa nne, na yeye mwenyewe akanishika mkono kwenye ngazi kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha.

Kila asubuhi, kabla Sulo hajaamka, nilisaga vidonge kwa kitako cha chupa ya siki. Vile vya mafuta, vya rangi ya chungwa, nilivitoboa kwa sindano. Chupa iliandikwa kimoja au viwili kwa siku. Mimi niliweka kumi, mchanganyiko, kwa sababu niliona ugonjwa wake si wa kimoja au viwili. Vyote vilikwenda kwenye supu ya beri za buluu, ile tunayoipika kwa sukari na wanga wa viazi. Supu hiyo ni nyeusi kama wino. Ungeweza kuficha kijiko humo.

"Umeamka mapema, bibie," Sulo alisema siku ya kwanza.

"Nimekupikia supu."

"Julai nzima hujanipikia supu. Kumbe lazima mtu aumwe."

Akaila yote.

Teksi ya hospitali ilikuwa ikifika saa moja asubuhi, na safari ni mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Dereva, Hannele, alijua kila shimo la barabara ile, na alikuwa akilikwepa hata pale ambapo ingebidi asubiri lori lipite kwanza. Ndani alikuwa ameshakaa Kauko wa kijiji jirani. Kauko alikuwa na ugonjwa ule ule wa Sulo, mahali pale pale, na alianza mionzi Jumatatu ile ile. Mke wake alifariki miaka sita iliyopita. Wiki ya kwanza wale wazee wawili walitaniana njia nzima.

"Mnadi, ukifa nani atanadi vitu vyako?"

"Wewe, Kauko. Ndiyo maana sina haraka ya kufa. Ungeuza farasi wangu kwa bei ya kuku."

"Huna farasi."

"Unaona? Umeshampoteza."

Wiki ya pili Kauko alinyamaza. Wiki ya tatu shingo yake ilikuwa nyekundu kama mtu aliyelala juani, na koo lilimuuma hata akawa anashika chupa yake ya maji bila kuinywa, anaibeba tu. Sulo alimfunika koti lake. Yeye Sulo alikuwa akila mkate na samaki kama kawaida. Sauti yake ilikwaruza kidogo, basi.

Jumatano ya wiki hiyo Anniina alimwangalia mdomoni kwa tochi, akaangalia tena. "Mzee Sulo, umepata wapi koo hili? Hili ni koo la ndama!" Kisha akauliza, kama alivyouliza kila wiki, "Hakuna kipya? Hujaanza kutumia chochote?"

"Nimeanza kutumia supu ya mke wangu," Sulo akasema.

Anniina akacheka, akaniambia supu ya beri ni chakula kizuri. Mimi nilikuwa nimeweka mkoba magotini. Nilitazama sakafu, na sitaficha, nilikuwa nafurahi. Nilifurahi kiasi kwamba njia nzima ya kurudi nilimtazama Kauko akiwa amefumba macho na chupa yake, nikaona aibu kuwa na dawa nyumbani na kumwacha jirani anateseka. Nikaamua Jumatatu nimletee supu yake.

Ijumaa jioni alikuja mjukuu wetu Vilja. Yeye anafanya kazi kwenye maabara mjini, na kila Agosti huchukua siku mbili aje kuchuma beri nasi. Jumamosi asubuhi tulitoka sote wawili na ndoo, Sulo akabaki akipasua kuni za sauna, kile kibanda chetu cha kuogea kwa mvuke. Vilja huchuma kwa kifaa chenye meno. Mimi huchuma kwa vidole, naye hunisubiri bila kuonyesha kwamba ananisubiri.

Tuliporudi niliweka sufuria mbili jikoni, kubwa na ndogo.

"Hiyo ndogo ya nani, Bibi?"

"Ya Kauko. Koo lake limeharibika kabisa, maskini. La Babu yako ni zima."

"Nimeshangaa sana. Wiki ya tatu! Kazini tuliambiwa wengi wanaanza kula kwa shida wakati huu."

Labda ni furaha iliyonifungua mdomo. Labda nilitaka mtu mmoja anisifu. Nilifungua kabati, nikatoa chupa zangu kutoka nyuma ya mfuko wa unga, nikazipanga mezani kama mtu anayeonyesha vyombo vya fedha vya harusi. Nikamweleza yote, kusaga, sindano, kumi kwa siku.

Vilja aliichukua chupa moja, akasoma. Akachukua ya pili. Nilimwona akikaa chini polepole.

"Babu anajua?"

"Babu yako angejua angekula?"

"Na hospitali inajua?"

Nikaanza kukoroga sufuria kubwa. Akazima jiko. Sufuria zote mbili.

"Bibi, sikugombezi. Njoo ukae." Akanisogezea kiti. "Yale matambara ya Babu, aliyofutia mafuta ya kitani alipopaka rangi ghala la kuni. Yako wapi?"

"Kwenye ndoo ya maji, huko nje. Ukiyarundika makavu yanawaka."

"Nani anayewasha?"

"Hakuna. Yanawaka yenyewe. Ni hewa na mafuta."

"Basi. Hewa tunayovuta ndiyo inayotupa uhai, na ndani ya seli zetu inaunguza chakula ili tupate nguvu. Lakini kila inapounguza, cheche kidogo zinaruka. Cheche hizo ni vichembe vilivyopungukiwa na kitu, vina njaa, vinamnyang'anya jirani. Jirani naye akishanyang'anywa anakuwa na njaa, anamnyang'anya mwingine. Wanaendelea hivyo hivyo mpaka ukuta wa seli unaharibika, au hata yale maandishi ya ndani yanayoiambia seli iishi vipi. Uharibifu huo ukirundikana miaka na miaka, ni sehemu moja ya kuzeeka kwetu. Si yote, lakini ni sehemu."

"Ndivyo alivyosema yule mama wa dukani. Kutu."

"Hakukosea hapo. Na hizi antioksidanti ndizo zinazojitokeza katikati. Zinampa mwenye njaa kile anachotaka, na zenyewe hazigeuki kuwa wanyang'anyi. Zinakubali kupungukiwa, ugomvi unaishia hapo. Mwili unatengeneza nyingine wenyewe, nyingine unazipata kwenye chakula, na nyingine zinasaidiana. Moja ikishatoa, mwenzake anaijaza tena."

Nilipenda kusikia hivyo. Nilidhani ananieleza kwamba nimefanya vizuri. Nikamwambia, "Basi ndizo nilizompa."

Vilja alinishika mkono. Mikono yake ilikuwa bado ya buluu kwa beri.

"Bibi, mionzi inaua saratani kwa njia gani, unadhani?"

"Kwa kuichoma."

"Haiichomi kama moto. Inatengeneza cheche zile zile. Nyingi sana, kwa makusudi, mahali pamoja, mpaka seli ya saratani ishindwe kujitengeneza. Cheche ndizo silaha yenyewe. Sasa wewe ukijaza mwili vizima-cheche vingi namna hii..." Akachagua maneno. Nilimwona akiyachagua kwa ajili yangu. "Vizima-cheche havijui kuchagua, Bibi. Vinalinda koo. Vinaweza kuilinda saratani pia."

Jiko lilikuwa linapoa, chuma chake kikigonga kidogo kidogo.

"Lakini koo lake ni zima," nikasema. Nilikuwa mjinga hivyo, nilikuwa bado nashikilia hilo.

"Ndiyo. Ndilo linalonitia wasiwasi. Watu walishawahi kufanyiwa utafiti wa namna hiyo, wagonjwa wa mionzi ya kichwa na shingo. Waliopewa vidonge vya namna hii walipata vidonda vichache. Ila ugonjwa uliwarudia wengi zaidi kuliko wale wengine. Na hivi vya rangi ya chungwa, kwa mtu aliyevuta sigara miaka mingi kama Babu, havifai hata kabla ya saratani."

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka nilisimama nikafuta meza, na meza ilikuwa safi.

"Nimemuua babu yako?"

"Sijasema hivyo. Sijui, na usimwamini atakayekwambia anajua. Amepata mionzi mara kumi na tano, zimebaki ishirini. Hizo ishirini ndizo zilizo mikononi mwako. Beri mpe, kabichi mpe, karoti mpe. Chakula ni chakula, ndani yake mna kidogo kidogo. Vidonge acha leo. Na Jumatatu daktari lazima ajue."

"Utamwambia wewe? Wewe unajua maneno yake."

"Daktari nitakusaidia kumwandikia," Vilja akasema. "Babu hapana. Huyo ni wako."

Mchana huo sauna ilikuwa tayari. Sulo alikuwa ameiwasha, ingawa yeye mwenyewe alikatazwa joto la shingoni mpaka ngozi ipone. Kila Jumamosi ya mwezi ule aliiwasha kwa ajili yangu, kisha akakaa nje kwenye ngazi, amevaa shati na kofia, akanisubiri nimalize ili nisiwe peke yangu. Vilja aliingia kwanza. Mimi nilikaa ngazini karibu na Sulo.

Sisi si watu wa kusemezana sana. Miaka mingi nilidhani ndiyo wema wetu, kwamba kila mmoja anajua la mwenzake bila kuuliza. Nilivua kitambaa cha kichwa, nikakivaa tena.

"Sulo. Kwenye supu nilikuwa naweka kitu."

Alitazama ziwa. "Nini?"

"Vidonge. Vya dukani. Nimevisaga. Kumi kila siku."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza."

Nikamwambia lililobaki. Sikuwa na maneno ya Vilja, nilimwambia kwa yangu, kwamba kile kilicholinda koo huenda kimeulinda ugonjwa pia. Ndani, Vilja alikuwa akimwaga maji juu ya mawe.

"Nilidhani ulimi wangu umekufa," akasema mwishowe. "Ile supu ilikuwa kama chokaa. Nikasema, mionzi imeniharibu ulimi, chakula cha mke wangu sikipati tena. Nikawa namaliza bakuli usije ukajua."

"Ungeniambia."

"Na wewe ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa!" Sauti yake ilipanda, ikakwaruza, ikakatika, akajishika koo. Alipopumua tena alisema chini chini, "Ningekataa, Taimi. Koo ni langu."

Alisimama, akaenda kwenye gati letu, akakaa huko akinipa mgongo. Sikumfuata. Nilipokuwa nimemaliza kuoga alikuwa amerudi kwenye ngazi, mahali pake, kofia kichwani. Alinisubiri kama kila Jumamosi, ila hakunitazama.

Jumatatu asubuhi nilimkuta jikoni kabla yangu. Alikuwa amejipikia uji wa shayiri, nao ulikuwa umeungua chini. Aliula wote mbele yangu. Hakuna bakuli lililowahi kunipiga namna ile.

Hospitalini nilitaka kuongea nje ya chumba, na Anniina peke yake, lakini Sulo aliingia na kukaa kwenye kiti akasubiri nianze. Nikatoa chupa mkobani, zote nne, na barua ya Vilja. Chupa moja ikaniponyoka, ikaviringika chini ya kitanda. Anniina alipiga magoti kuitafuta. Alipoinuka alikuwa ameshafikiri, kwa maana uso wake ulikuwa umetulia.

"Asante kwa kuniambia," akasema. "Najua si rahisi. Wako wengi wasiosema kabisa, Taimi."

Daktari naye akaja. Akasoma chupa, akaandika, akasema viachwe vyote, mionzi iendelee kama ilivyopangwa, hakuna cha kuongeza wala cha kurudia. Alipoulizwa na Sulo kama madhara yameshatokea, alisema hawezi kujua. Sulo akaitika kwa kichwa kama anayesikia bei ya mwisho.

Tukiwa njiani kurudi, Kauko aliamka akaniangalia. Nilikuwa nimemletea supu, ya beri, sukari na wanga, basi. Nilimwambia kilichomo kabla sijamfungulia. Alishangaa kidogo, maana nani huwa anataja kilichomo kwenye supu. Akanywa vijiko vitatu vya baridi, akainua kidole gumba. Sulo, aliyeketi mbele, alikuwa anatutazama kwenye kioo cha dereva.

Wiki iliyofuata koo la Sulo lilianza kuuma. Vilja aliniambia kwa simu kwamba huenda lingeanza hata hivyo, maana ndio wakati wake. Labda. Mimi nilijua tu kwamba nilikuwa nimelingoja na kuliogopa, maana niliona maumivu hayo kuwa dalili kwamba mionzi inafanya kazi. Siku ya kwanza aliacha mkate. Ya tatu aliacha viazi. Baadaye maji yenyewe aliyameza akiwa amefumba macho na kushika ukingo wa meza. Ngozi ya shingo ilibadilika rangi, ikachubuka. Sauti ilishuka, ikawa mnong'ono, kisha hata mnong'ono ukamuuma, akawa anaandika kwenye kipande cha karatasi.

Nilipaka mafuta aliyotupa Anniina. Nilipoza supu ya samaki kwenye maji ya kisima na kuichuja mara mbili. Dawa ya kutia ganzi ya hospitali alisukutua kabla ya kula, na hiyo aliikubali, alinyoosha mkono mwenyewe. Zaidi ya hapo sikuwa na la kufanya. Wanawake wa rika langu tumefundishwa kwamba mtu akiumwa lazima uwepo na kitu mkononi. Mchana nilikaa naye nikiwa mikono mitupu, nikasema moyoni, uma, koo, uma, kisha nikaona haya kwa kusema hivyo.

Siku moja ya wiki ya sita aliandika karatasi, akanisukumia. *Unalia nini?*

"Kwa sababu unaumwa na mimi nafurahi unaumwa."

Alisoma midomo yangu kama vile hakusikia. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia naye. Alikuwa anacheka, bila sauti, huku amejishika koo kwa maumivu. Akachukua kalamu. *Kichaa.* Akafikiri, akaongeza: *Supu ipo?*

Tangu Jumamosi ile alikuwa akijipakulia mwenyewe kila kitu. Siku hiyo aliniachia nimpakulie.

Mionzi iliisha mwanzoni mwa Septemba. Kauko na Sulo waliagana nje ya teksi kwa kushikana mikono muda mrefu, wazee wawili wasio na sauti, na Hannele aliwasha injini na kuizima tena ili wasihisi wanaharakishwa.

Uchunguzi ulikuwa katikati ya Novemba, theluji ikiwa imeshashika. Vilja aliomba ruhusa kazini, akatungoja mlangoni pa hospitali na soksi za sufi alizomfumia Babu yake, nene kuliko viatu vyake. Daktari alipitisha mrija mwembamba wenye kamera puani mwa Sulo, na kwenye skrini tukaziona nyuzi zake za sauti, mbili, zimevimba kidogo, za waridi. Aliangalia kila upande. Alimwambia Sulo aseme "iii", na Sulo akasema, sauti nene na ya kukwaruza, lakini sauti.

"Sioni uvimbe," daktari akasema. "Leo panaonekana pasafi. Tutaangalia tena baada ya miezi miwili, na tena, kwa miaka mitano."

Nilikuwa nimejiapiza sitauliza. Nikauliza. "Na vile vidonge? Vilimdhuru?"

"Sitaweza kukwambia, mama. Pakiendelea kuwa pasafi hatutajua kama viliongeza hatari. Ugonjwa ukirudi, vilevile hatutajua kama ni vyenyewe."

Vilja akanishika kiwiko. Ndivyo ilivyo hadi leo. Naishi na jambo hilo kama ninavyoishi na goti langu. Siku nyingine sihisi kitu, siku nyingine nasimama katikati ya ngazi na kusubiri lipite.

Korido ilikuwa ndefu, na Sulo alitembea mbele, kisha akasimama tumfikie.

"Umeshauliza mara moja," akaniambia. "Imetosha. Mimi sikuuliza ulipata wapi pesa za chupa nne."

"Babu!" Vilja akasema.

"Nimechoka na vitu laini," Sulo akaendelea. "Miezi mitatu nakula kama mtoto asiye na meno. Nataka mkate mkavu. Ule unaovunjika."

Kulikuwa na duka dogo karibu na mlango wa hospitali, lenye magazeti na maua. Niliingia peke yangu, nikapata pakiti ya mkate mkavu wa shayiri, nikamletea kwenye benchi. Hakuifungua. Aliipindua, akavaa miwani, akaisogeza mbali kidogo, na akasoma kwa sauti, pale mbele ya watu na wauguzi wanaopita, kwa ile sauti mpya ya kukwaruza ambayo sikuwa nimeizoea bado:

"Unga wa shayiri. Maji. Chumvi." Akanitazama juu ya miwani. "Hakuna kingine, bibie?"

"Hakuna kingine," nikasema.

"Una hakika? Hujapita nayo chooni na sindano?"

Vilja alianza kucheka yeye kwanza. Sulo akavunja mkate vipande vitatu, akampa Vilja, akanipa mimi kile kikubwa, akatia chake mdomoni. Tulimsikia akitafuna. Alitafuna kwa uangalifu, kichwa kimeinama upande, kama anayesikiliza. Kisha akameza, na sote watatu tukangoja.

"Kimepita," akasema.